Kugawa mzigo kati ya gari na karavani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wasomaji wanaoishi Uingereza na kwingineko Ulaya, walionunua au kukodi karavani ya kuvutwa na gari la kawaida la familia. Ili hesabu zifuatane, mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: karavani ya ekseli moja isiyoruhusiwa kuzidi kilo 1,400, na gari lenye kilo 1,650 likiwa tupu. Sheria zinazotajwa ni za Uingereza, isipokuwa pale nchi nyingine inapotajwa kwa jina.

## Mambo ya msingi

1. Kwa ufupi, kipi kinakwenda wapi?

Vitu vizito viingie kwenye buti ya gari, chini, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Vizito ambavyo lazima viwe ndani ya karavani vikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Makabati ya juu yabebe vitu vyepesi tu. Mbele kabisa na nyuma kabisa mwa karavani paachwe pepesi kadiri inavyowezekana. Halafu pima, usikisie kwa macho. Majibu mengine yote hapa chini ni maelezo ya sentensi hizi.

2. Uzito wa pua ni nini, na uwe kiasi gani?

Ni uzito ambao kiungio cha karavani kinagandamiza nao tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari. Mwongozo unaotumika Uingereza ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito halisi wa karavani iliyopakiwa. Kwa karavani yetu ya kilo 1,400, hiyo ni kilo 70 hadi 98.

Lakini kabla ya asilimia kuna vikomo viwili. Kimoja ni cha gari na tobaa yake (chuma kilichofungwa nyuma ya gari kushika lile tufe), ambacho mara nyingi huwa kati ya kilo 75 na 100 na huandikwa kwenye kibati cha tobaa au kitabu cha gari. Kingine ni cha kiungio cha karavani, ambacho kwa karavani nyingi za Ulaya ni kilo 100. Kinachotawala ni kile kidogo. Gari likiruhusu 75 na kiungio 100, basi kikomo chako ni 75, na ndicho tutakachotumia katika mifano. Lenga karibu na kikomo bila kukivuka: kilo 70 hadi 75 ni pazuri, kilo 40 ni hatari.

Pua ikiwa nyepesi mno, karavani huanza kulitikisa gari kwa nyuma na kuyumba huja mapema. Ikiwa nzito mno, nyuma ya gari hulala, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, taa humulika juu machoni pa wanaokuja, na tobaa hubeba mzigo ambao haikutengenezwa kuubeba.

3. Nitajuaje karavani yangu inaruhusiwa kubeba kiasi gani?

Tafuta kibao cha uzito karibu na mlango. Herufi MTPLM ni uzito wa juu ambao karavani na kila kilichomo havipaswi kuuzidi. Herufi MIRO ni uzito wake ilipotoka kiwandani. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo nafasi yako ya mzigo. Kwa mfano wetu, 1,400 kutoa 1,250 ni kilo 150.

Kilo 150 huonekana nyingi hadi uanze kuhesabu. Betri ya risasi ya Ah 110 ni takriban kilo 25. Mashine ya kusogezea karavani kwa rimoti, 32. Hema la pembeni, 25. Mtungi mmoja wa chuma wenye kilo 6 za propeni, 15. Viti vinne vya kukunja, 16, na meza yake 6. Vyombo vya jikoni, 10. Matandiko, 15. Pipa la maji likiwa tupu, 4. Waya mrefu wa umeme, 5. Jeki, kabari na ngazi ya mlangoni, 5. Televisheni na kishikio chake, 5. Jumla ni kilo 163, na bado hujaweka nguo wala chakula. Ndiyo maana kugawa mzigo na gari ni jambo la lazima kwa karibu kila mtu mwenye karavani ya ukubwa wa kati.

Angalia pia kitabu cha karavani kinasema MIRO imejumuisha nini. Watengenezaji wengine huhesabu humo mtungi wa gesi na maji ya hita, wengine hawahesabu. Na vifaa vilivyofungwa baada ya kiwandani, kama paneli za sola, kiyoyozi au hiyo mashine ya kusogezea, vyote vinakula nafasi yako hata kama ulivikuta humo uliponunua kwa mtu.

4. Na gari, linaruhusiwa kiasi gani?

Kibati cha gari, ambacho aghalabu kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, kina namba nne. Zisome kwa mpangilio: uzito wa juu wa gari lenyewe, uzito wa juu wa gari na karavani kwa pamoja, kikomo cha ekseli ya mbele, kikomo cha ekseli ya nyuma. Tuseme gari letu lina 2,150 na 3,400 katika mistari miwili ya kwanza.

2,150 kutoa 1,650 ni kilo 500 za watu na mizigo. Watu wanne wa wastani ni karibu kilo 280. Uzito wa pua nao ni mzigo wa gari, kwa hiyo ongeza 75. Umebaki na kilo 145 za buti na keria. Watu wengi husahau hiyo pua, wakajaza buti kana kwamba hawavuti kitu.

5. Kanuni ya asilimia 85 ni sheria?

Hapana. Ni ushauri wa vyama vya karavani vya Uingereza kwa madereva wapya: uzito wa karavani iliyojaa usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu. Asilimia 85 ya 1,650 ni 1,402, kwa hiyo mfano wetu uko ndani ya ushauri huo kwa kilo mbili tu. Mwenye uzoefu anaweza kusogea juu ya hapo, ila asizidi asilimia 100. Sheria inachodai ni kutokuvuka vikomo vya mtengenezaji (swali la 3 na la 4) na mzigo kuwa salama barabarani.

Ukihamisha kilo 50 kutoka karavani kwenda kwenye gari, uwiano halisi unabadilika pande mbili kwa mpigo. Karavani inakuwa 1,350, gari linakuwa 1,700, na asilimia 85 inashuka hadi 79. Hakuna kifaa cha dukani kinachokupa badiliko hilo bure.

## Kupakia

6. Nianze na nini siku ya kupakia?

Paegesha karavani mahali tambarare, weka breki ya mkono, na teremsha miguu ya pembeni ili isiinuke unapotembea ndani. Mwaga maji yote kwanza (swali la 9). Weka vizito vya chini karibu na ekseli: hema, viti, boksi la zana, makopo ya chakula. Kisha vya wastani kwenye makabati ya chini: vyombo, sufuria, viatu. Nguo na taulo zije mwisho, juu.

Usijaze sanduku la mbele kabla ya kupima pua. Acha mzigo mmoja wa kilo 8 hadi 10 ulio rahisi kubebeka, mfano mfuko wa vigingi vya hema au waya wa umeme, uwe wa kurekebishia: ukiusogeza mbele au nyuma, pua inafika unapotaka bila kupangua kila kitu.

Kila kitu kizito kifungwe au kibanwe kisiteleze. Kreti ya soda iliyowekwa juu ya ekseli asubuhi huweza kuwa mlangoni mwa bafu jioni, na pua uliyopima imekwenda nayo.

7. Kwa nini mnasisitiza katikati? Nikiweka kilo 30 mbele na kilo 30 nyuma, si zinalingana?

Pua italingana, ndiyo. Lakini karavani itakuwa mbaya zaidi barabarani, na hili ndilo kosa tunaloliona kwa watu makini wanaopima pua na kuridhika.

Mzigo ulio mbali na ekseli huifanya karavani iwe ngumu kuanza kuzunguka, na ikishaanza, ngumu kuizuia. Athari hiyo hukua kwa mraba wa umbali. Kilo 10 zikiwa mita 1 kutoka kwenye ekseli zina ukinzani wa 10 × 1 × 1, yaani 10. Kilo hizohizo zikiwa mita 3, ni 10 × 3 × 3, yaani 90. Umezidisha mara tisa bila kuongeza hata gramu. Upepo wa lori ukiisukuma karavani ya namna hiyo, inabembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwenye ncha za mti begani: pande zimelingana, lakini kusimama ghafla hawezi.

8. Nikisogeza kitu, uzito wa pua unabadilika kiasi gani?

Chukua uzito wa kitu, zidisha kwa umbali wake kutoka kwenye ekseli, gawanya kwa umbali kati ya ekseli na kiungio. Ukikiweka mbele ya ekseli, jibu linaongezeka kwenye pua. Ukikiweka nyuma, linapungua.

Tuseme kiungio kiko mita 4 mbele ya ekseli. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ulio mita 3.2 mbele unaongeza 15 × 3.2 ÷ 4, yaani kilo 12. Baiskeli mbili na kishikio chake, kilo 35, zikining'inia mita 3 nyuma ya ekseli zinapunguza 35 × 3 ÷ 4, karibu kilo 26. Pua ya kilo 75 inabaki 49.

9. Maji nisafiri nayo?

Usisafiri nayo. Lita moja ni kilo moja, na maji ndani ya tangi lisilojaa hugonga huku na huko kwenye kona. Fungua kizibo cha tangi la ndani, mwaga hita (nyingi zina lita 10 hadi 14), na choo cha kaseti kimwagwe sehemu rasmi kabla ya kuondoka kambini. Pipa la kuviringisha la lita 40 lisafiri likiwa tupu. Kambi karibu zote zina bomba.

Kuna hali moja ya kuliacha tangi likiwa na maji: baadhi ya karavani zimetengenezwa na tangi chini ya sakafu, juu kabisa ya ekseli, na kitabu kinaruhusu. Hata hapo liwe limejaa au tupu, lisiwe nusu.

10. Mtungi wa gesi mmoja au miwili?

Mmoja unatosha kwa wiki mbili za kiangazi kwa familia inayopika kila siku, hasa kambi ikiwa na umeme. Mtungi wa pili ni kilo 15 mahali pabaya kuliko pote, puani. Mtungi usafiri umesimama wima, umefungwa mkanda, na valvu imefungwa, ndani ya sanduku lake lenye matundu ya kupitisha hewa. Usihamishie mtungi ndani ya karavani ili kupunguza pua: gesi ikivuja inakusanyika sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa.

11. Chakula cha safari kikae wapi?

Kwenye gari. Mfuko wa mchele wa kilo 10, unga, lita 5 za mafuta ya kupikia na kreti ya maji ya kunywa ni karibu kilo 30, na vinaingia vizuri kwenye buti au sakafuni nyuma ya viti vya mbele kama hakuna miguu ya mtu. Makopo 24 ya gramu 400, pamoja na bati lake, ni kilo 11 na zaidi. Watu huyapanga kabati la juu kwa sababu yanaonekana madogo, halafu kabati linang'oka skrubu kwenye shimo la kwanza. Soma kibandiko ndani ya kabati: nyingi zina kikomo cha kilo chache tu.

Friji ibebe vya kutumia siku ya kwanza, na mlango wake ufungwe kwa komeo. Toa sahani ya kioo ndani ya mikrowevu, ifunge kwa taulo, iweke chini.

12. Je, kushoto na kulia kunahesabika?

Kunahesabika kidogo kuliko mbele na nyuma, ila kupo. Upande wa jiko, friji na oveni mara nyingi ni mzito tangu kiwandani. Weka hema na viti upande wa pili. Dalili ya mzigo kuegemea upande mmoja ni tairi moja kuwa na joto zaidi ya mwenzake mnapopumzika. Shika zote mbili kwa kiganja, baada ya kuhakikisha kwamba si breki iliyong'ang'ania.

## Kupima

13. Napimaje uzito wa pua nyumbani?

Unaweza kununua kipimo maalumu cha kuweka chini ya kiungio, au kutumia mizani ya bafuni na kipande cha mbao.

Kwanza pima kimo cha tufe la gari kutoka ardhini, gari likiwa limepakiwa na watu wamo ndani. Kata mbao ambayo, ikisimama juu ya mizani, itashika kiungio kwenye kimo hichohicho. Karavani iwe imepakiwa kamili, imesimama pa tambarare, kabari pande zote mbili za magurudumu, breki ya mkono imeachiliwa ili isidanganye kipimo. Weka ubao mpana juu ya mizani isivunjike, simamisha ile mbao chini ya kiungio, kisha pandisha taratibu gurudumu dogo la pua mpaka halibebi chochote. Soma namba. Toa uzito wa mbao zote. Rudia mara ya pili. Vikitofautiana kwa zaidi ya kilo 3 hivi, mbao haikusimama wima.

Kimo ni muhimu. Ukiinua pua sentimita 10 zaidi ya tufe, unasoma namba isiyo ya barabarani. Kwa karavani ya ekseli mbili kosa huwa kubwa zaidi (swali la 19).

14. Naipeleka wapi karavani nzima kupimwa?

Kwenye mizani ya umma. Halmashauri nyingi, machimbo ya kokoto na wafanyabiashara wa nafaka wana mizani ya malori na hukupimia kwa ada. Piga simu kwanza, nenda umepakia kama mtakavyosafiri, familia ndani na mafuta tangi limejaa.

Pima mara tatu. Kwanza vyote pamoja juu ya mizani: linganisha na uzito wa pamoja kwenye kibati cha gari. Pili magurudumu ya karavani peke yake, ikiwa bado imefungwa kwenye gari: namba hiyo pamoja na uzito wa pua ndiyo uzito wa karavani, ilinganishe na MTPLM. Tatu magurudumu ya nyuma ya gari peke yake: linganisha na kikomo cha ekseli ya nyuma. Omba karatasi ya kila kipimo na uihifadhi garini.

Ukipata nafasi, pima pia karavani ikiwa tupu mara moja. Uzito wa kibaoni ni wa mfano uliotoka kiwandani, na yako inaweza kuzidi kwa kilo kadhaa.

15. Ekseli ya nyuma imezidi wakati gari kwa jumla halijazidi. Inawezekanaje?

Kwa sababu pua iko nyuma ya magurudumu ya nyuma na inafanya kazi kama nyenzo. Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli zake na tufe likiwa mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua ya kilo 75 inaweka 75 × 3.8 ÷ 2.7, karibu kilo 106, kwenye ekseli ya nyuma, na kuondoa karibu kilo 31 mbele. Kilo 60 za buti, zikiwa sentimita 40 nyuma ya ekseli, zinaongeza karibu 69 nyuma. Jumla kilo 175, kabla ya abiria wa nyuma kupanda.

Dawa ni kusogeza vizito vya buti mbele, hadi kwenye mgongo wa kiti, au sakafuni mbele ya viti vya nyuma. Springi ngumu zaidi au mifuko ya hewa ya kunyanyulia nyuma huondoa kulala kwa gari, lakini hazibadilishi namba ya kibati hata kilo moja.

16. Upepo wa tairi ubadilishwe?

Wa gari, ndiyo: tumia namba ya mzigo kamili iliyo kwenye kibandiko cha mlango, hasa tairi za nyuma, na upime tairi zikiwa baridi. Wa karavani ni ule wa kitabu chake siku zote. Tairi za karavani huzeeka kabla ya kuisha meno. Kawaida ni kuzibadilisha zikifika miaka 5, na zisipite 7. Umri umo kwenye tarakimu nne ubavuni: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021.

## Barabarani

17. Karavani ikianza kuyumba nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani imara ukiwa umenyooka, usijaribu kuirudisha kwa kukata kushoto na kulia, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo ukidhani utaivuta inyooke. Mwendo ukishuka, mtikisiko unakufa wenyewe. Kisha tafuta mahali salama pa kusimama na utafute sababu: pua nyepesi, mzigo uliohama, tairi yenye upepo mdogo, au mwendo tu.

Mteremko ndio huwakamata wengi, kwa kuwa karavani inasukuma badala ya kuvutwa. Punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka. Nchini Uingereza kikomo cha anayevuta karavani ni maili 50 kwa saa kwenye barabara ya kawaida na maili 60 kwenye barabara zilizotenganishwa kwa ukuta au bustani na kwenye motowei; kwenye motowei yenye njia tatu au zaidi, njia ya kulia kabisa si yako.

Stabilaiza ya kiungio, ile yenye pedi zinazobana tufe, hupunguza mitikisiko midogo. Tufe lake lisipakwe grisi, maana pedi zitateleza. Mifumo ya umeme inayoifunga breki karavani inapoyumba ni bora zaidi. Vyote viwili ni vya kukuokoa siku mbaya. Karavani iliyopakiwa vibaya itabaki imepakiwa vibaya, ila utaligundua hilo ukiwa kwenye mwendo mkubwa zaidi.

18. Polisi wakinisimamisha na nimezidisha?

Wanaweza kukupeleka kupimwa, kukutoza faini, na kukuzuia kuendelea mpaka mzigo upunguzwe. Kuhusu leseni: tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari ya daraja B katika England, Scotland na Wales anaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Hilo halifuti vikomo vya gari lako. Na hairuhusiwi mtu kukaa ndani ya karavani inapovutwa, hata mtoto aliyelala.

## Hali za pembeni

19. Karavani yangu ina ekseli mbili. Kuna tofauti?

Ni tulivu zaidi barabarani, lakini pua yake hubadilika sana kwa kimo. Tufe likiwa juu, ekseli ya mbele inapunguziwa mzigo na pua inapanda. Likiwa chini, kinyume chake. Pimia kwenye kimo kamili cha tufe na uhakikishe karavani imelala sawa kwa pima maji. Hesabia umbali wa swali la 8 kutoka katikati ya ekseli mbili.

20. Baiskeli nizibebe wapi?

Juu ya keria ya gari, kama dari linaruhusu. Vikomo vya dari mara nyingi ni karibu kilo 75, pamoja na keria yenyewe. Pili, ndani ya karavani, sakafuni juu ya ekseli, magurudumu yametolewa na zimefungwa. Kishikio cha puani huongeza pua, hivyo kinahitaji nafasi usiyokuwa nayo mara nyingi. Nyuma ya karavani ni mwisho kabisa, na hesabu ya swali la 8 inaonyesha kwa nini. Baiskeli za umeme za kilo 25 kila moja zisiwekwe huko kamwe.

21. Kitabu cha gari kinasema naruhusiwa kuvuta kilo 1,500, mbona mnasema siwezi?

Kwa sababu ya uzito wa pamoja. Gari letu lina 3,400 kwa vyote viwili. Likijazwa hadi 2,150, pua ya 75 ikiwemo, zinabaki 1,250 kwenye magurudumu ya karavani, yaani karavani ya 1,325 ukiirudishia pua yake, ingawa kikomo cha kuvuta ni 1,500 na karavani inaruhusu 1,400. Hapa ndipo ushauri wa kuhamishia mzigo kwenye gari unapofika ukingoni: kilo ikihama kati ya viwili hivi, jumla haibadiliki. Kitu lazima kibaki nyumbani.

22. Naweza kuongezewa uzito unaoruhusiwa wa karavani?

Mara nyingi, ndiyo. Ekseli na tairi nyingi zina uwezo kuliko namba ya kibaoni, na mtengenezaji hutoa kibao kipya kwa malipo. Mwombe yeye, usibandike chako. Kisha rudi swali la 4 na la 5 kuona kama gari bado linaistahimili.

23. Kurasa za Marekani zinasema pua iwe asilimia 10 hadi 15. Nani mkweli?

Wote, kila mmoja kwao. Trela za Marekani na magari yanayozivuta hutengenezwa kwa pua nzito, na hutumia vyuma vya springi vinavyorudisha sehemu ya mzigo huo kwenye ekseli ya mbele ya gari. Karavani na tobaa za Ulaya hazikuundwa hivyo. Asilimia 12 ya karavani yetu ingekuwa kilo 168 kwenye tobaa ya 75.

24. Ninaingia Ujerumani. Nibadilishe nini?

Kikomo cha kawaida cha karavani huko ni kilomita 80 kwa saa. Ili uruhusiwe 100 kwenye motowei unahitaji kibali na stika ya 100. Masharti yake yanahusu uzito moja kwa moja: gari liwe na ABS na lisizidi tani 3.5, tairi za karavani ziwe chini ya miaka 6 na za kuhimili kilomita 120 kwa saa, na karavani yenye shokapu isizidi asilimia 80 ya uzito wa gari tupu, au asilimia 100 ikiwa na stabilaiza inayokubalika. Sheria yao pia inaweka kima cha chini cha pua: asilimia 4 ya uzito wa karavani, ingawa hailazimishi kuzidi kilo 25. Sisi tusingeendesha na kilo 25.

25. Gari langu ni la umeme.

Uzito mkubwa wa betri hufanya asilimia 85 iwe rahisi kufikiwa, lakini nafasi ya mizigo garini huwa ndogo, na baadhi ya magari ya umeme hayaruhusiwi kuvuta kabisa. Soma cheti cha gari kabla ya kununua tobaa. Panga chaji kwa takriban nusu ya umbali wa kawaida.

26. Tulipima vizuri tukienda. Tunarudi, karavani inacheza. Kwa nini?

Chakula cha kwenye buti kimeliwa, kwa hiyo gari ni jepesi. Hema limekunjwa likiwa na maji, limeongeza kilo kadhaa, na kwa kuwa linachafua limetupwa bafuni, nyuma kabisa. Kaseti ya choo haikumwagwa. Nguo chafu ziko kwenye mifuko kitandani badala ya kabatini. Kausha hema ukiweza. Usipoweza, litie kwenye mfuko usiovuja na ulirudishe juu ya ekseli au kwenye buti iliyobaki wazi. Mwaga kaseti, kisha pima pua upya kambini kabla ya kufunga karavani kwenye gari.